Msizilaumu tarumbeta: Otis Rush kule Muscle Shoals, 1969

Ukitaka kuwachokoza wapenzi wa bluzi, usiwaulize nani mkali kati ya B.B. King na Albert King. Swali hilo wameshalizoea, kila mtu ana jibu lake mfukoni. Waulize wanaionaje Mourning in the Morning, albamu ya mwaka 1969 ya Otis Rush, mpiga gita na mwimbaji wa bluzi. Mmoja atakwambia waliomrekodi walimkosea adabu. Mwingine atasema ina wimbo mmoja tu wa maana, na huo mmoja unalipia sahani nzima. Wa tatu, hasa kama masikio yake yalilelewa na soul kabla ya bluzi, atakushangaa: kwani kosa liko wapi? Bendi imeshika, bwana anaimba, mnataka nini tena?

Nimeisikiliza albamu hii miaka mingi, na nimekaa katikati ya ubishi wake mara nyingi kuliko inavyostahili. Wote hao watatu wana sehemu ya haki. Lakini ipo lawama moja inayorudiwa kuliko nyingine zote, kwamba tarumbeta na saksafoni ndizo zilizoiharibu. Hiyo siikubali, na nataka leo tuimalize.

Kwa asiyemjua Rush, nitangulize machache. Alizaliwa mwaka 1934 huko Philadelphia, si ule mji mkubwa wa Pennsylvania bali mji mdogo wa jimbo la Mississippi, kwenye mashamba ya pamba. Mwishoni mwa miaka ya 1940 akiwa kijana alifika Chicago, akamsikia Muddy Waters jukwaani, na hapo akajua maisha yake yatakwenda upande gani. (Moja ya kumbi alizokuwa akipiga Muddy enzi hizo iliitwa Zanzibar. Kila nikimsimulia mtu wa Unguja habari hiyo, anadai asilimia yake.)

Rush alikuwa wa mkono wa kushoto, na gita alilishika na nyuzi zikiwa juu chini: uzi mnene chini, uzi mwembamba juu. Sisi wa kawaida tukitaka noti ilie, uzi mwembamba tunausukuma kwenda juu kwa vidole. Yeye aliuvuta kwenda chini, na kuvuta kuna nguvu kuliko kusukuma. Albert King naye alikuwa hivyo hivyo. Ukisikia noti ya Rush inapanda polepole, inatetemeka, halafu inakataa kufika pale ulipoitarajia, ni mkono ule.

Mwaka 1956 aliingia studio na kampuni changa iliyoitwa Cobra, upande wa magharibi wa Chicago, mali ya Eli Toscano. Wimbo wa kwanza, I Can't Quit You Baby, alioutunga Willie Dixon, ulipanda hadi nafasi ya 6 kwenye chati ya R&B ya Billboard. Katika miaka miwili iliyofuata zikatoka My Love Will Never Die, Double Trouble, All Your Love. Ukisikiliza hizo nne tu, umesikia sababu ya watu wazima kugombana juu ya mtu huyu. Kisha Cobra ikafa. Chess wakamchukua mwaka 1960, wakatoa So Many Roads, So Many Trains, ambao nao ni moto, halafu wakamwacha akae. Duke walimsainisha wakatoa single moja, Homework, mwaka 1962. Vanguard wakampa nafasi ya nyimbo tano katika mkusanyiko wa wapigaji wa Chicago uliotoka 1966. Basi. Miaka 13 tangu wimbo wake wa kwanza, Otis Rush hakuwa ameingia studio hata siku moja kurekodi albamu yake mwenyewe.

Wakati huo huo wenzake walikuwa wanakula kwa nyimbo zake. Mwaka 1966 John Mayall na Eric Clapton walifungua albamu yao maarufu kwa All Your Love. Januari 1969 Led Zeppelin walitoa albamu yao ya kwanza kupitia Atlantic, na ndani yake kuna I Can't Quit You Baby. Sasa angalia: Cotillion, kampuni iliyotoa albamu ya Rush mwaka huo huo, ilikuwa mtoto wa Atlantic. Nyumba moja, mwaka mmoja. Waingereza wakaondoka na wimbo wa Rush kwenye sahani iliyouzwa dunia nzima, na Rush mwenyewe akaondoka na sahani ambayo mpaka leo watu wanaitetea kwa kuanza na neno "lakini".

Watu huchukulia kwamba alipewa studio ya ovyo na wapigaji wa kuokoteza. Ilikuwa kinyume kabisa. Alipelekwa FAME, Muscle Shoals, Alabama, studio ya Rick Hall, ambako Aretha Franklin alirekodi wimbo uliomfungulia njia mwaka 1967, na ambako Wilson Pickett na Etta James walitengeneza kazi zao bora. Kwenye dramu alikaa Roger Hawkins. Jimmy Johnson alishika gita la rhythm, Barry Beckett kinanda, na Jerry Jemmott besi, yule yule ambaye mwaka huo huo besi yake inatembea chini ya The Thrill Is Gone ya B.B. King. Pembeni alikuwepo kijana mmoja mwembamba mpiga gita wa kukodiwa, Duane Allman. Wapo viongozi wa dansi ambao wangeuza gari ili wapate hata wawili kati ya hao.

Watayarishaji walikuwa Mike Bloomfield na Nick Gravenites. Wote wawili ni watoto wa Chicago, wazungu waliojipenyeza ujanani kwenye kumbi za watu weusi kusini mwa jiji kwenda kujifunza, na baadaye wakawa pamoja kwenye bendi ya Electric Flag. Walimwabudu Rush. Nasema hivi kwa sababu kuna msikilizaji ambaye, ukimwachia dakika mbili, atakueleza kwamba hawa walikuwa wajanja wa mjini waliotumwa na kampuni kumuuza mzee wa bluzi kwa watoto wa mahipi. Hapana. Walikuwa mashabiki. Na shabiki akipewa funguo za studio ana hatari yake: anataka kumwonesha kipenzi chake kila alichonacho, kwa mkupuo.

Turudi kwenye tarumbeta.

Albamu inafunguliwa na Me, wimbo waliouandika watayarishaji wenyewe. Bendi imebana, vyombo vya upepo vimejaa, mwendo wa soul ya kusini. Mpenzi wa Cobra aliyekuja kutafuta kilio cha Double Trouble anajikuta yuko kwenye ukumbi mwingine kabisa. Hapo ndipo hukumu inapotolewa, dakika ya kwanza, na nyimbo kumi zinazobaki zinasikilizwa na mtu ambaye tayari amenuna. Nimewaona. Mmoja wao, rafiki yangu anayefundisha gita, aliinua sindano kabla ya wimbo kufika katikati akasema, "Hizi tarumbeta zimemzika mtu akiwa hai."

Nikamuuliza: All Your Love ile ya 1958 unayoiabudu, umesikia kuna nini nyuma ya gita? Saksafoni. Right Place, Wrong Time, ambayo unasema ndiyo albamu bora ya Rush, ina nini? Vyombo vya upepo, tena vya kutosha. B.B. King alizunguka nchi nzima na tarumbeta maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kusema amezikwa. Albert King alirekodi nyimbo za Born Under a Bad Sign kule Memphis kati ya 1966 na 1967, akiwa na Booker T. & the MG's na wapulizaji wa kampuni ya Stax. Mapishi ni yale yale: mpiga gita wa bluzi, bendi ya soul ya studio, tarumbeta. Kikatoka kitu ambacho hakuna anayekigusa. Kwa hiyo tarumbeta peke yake haijaua mtu.

Akabaki na hoja yake, nami na yangu, mpaka siku nilipompelekea mjomba.

Mjomba wangu alipuliza mdomo wa bata, yaani saksafoni, kwenye bendi za dansi mpaka meno yalipomgomea. Bluzi hana habari nayo sana. Kwake gita linalolia peke yake muda mrefu ni dalili kwamba mpiga rhythm amechelewa kazini. Ndiyo maana nilimtaka. Nikamwamkia, nikakaa, nikamwekea Me. Akasikiliza mpaka mwisho amefumba macho. Akasema rudisha. Nikarudisha.

"Mjomba," nikamwambia, "watu wanasema wapulizaji ndio wameharibu."

"Hawajaharibu kitu. Hao ni mafundi. Wanasoma walichoandikiwa." Akanyamaza kidogo, kisha: "Mwenye kosa ni aliyewaandikia. Huyu bwana akimaliza mstari wake, nani anamjibu?"

Nikasikiliza upya. Wanajibu wao.

"Haya. Na gita si analo yeye mwenyewe, amelishika mkononi? Sasa anaita mke wake, anaitikia jirani."

Nilicheka, lakini sijawahi kusikia mtu akiieleza vizuri zaidi, na nilikuwa nimeshasikia maelezo mengi. Ukifungua bluzi ya kawaida utaikuta ina vipimo 12, mistari mitatu ya vipimo vinne vinne. Sauti inachukua karibu viwili, viwili vinavyofuata vinabaki wazi. Nafasi hiyo ndiyo nusu ya wimbo. Kwa waimbaji wengi hujazwa na piano, au harmonika, au wapulizaji. Kwa Rush inajazwa na yeye mwenyewe: anaimba kwa sauti ile inayokaribia kukatika, kisha gita linakuja kusema kile ambacho mdomo ulishindwa. Ni mtu mmoja mwenye sauti mbili. Ukizitenganisha, ukaiachia sauti ya mdomo na kumpa mtu mwingine kazi ya kuitikia, unabaki na mwimbaji mzuri wa soul. Na mwimbaji mzuri wa soul mwaka 1969 hakuwa bidhaa adimu Muscle Shoals. Walikuwa wanapanga foleni mlangoni.

Sikiliza Albert King kule Memphis uone tofauti. Tarumbeta zinasimama na bendi, zinapiga pamoja na besi, zinajenga sakafu. Akimaliza mstari, wanampisha. Gita linaingia, mara nyingi kwa noti tatu au nne tu, na hizo zinatosha. Aliyepanga alijua nafasi ni ya nani. Katika Mourning in the Morning nafasi inagombaniwa, na kwenye nyimbo kadhaa gita la Rush linapewa kipande chake katikati, kama zamu, kisha linarudishwa kwenye kiti.

Nilipompelekea rafiki yangu mwalimu wa gita hoja hii, alikubali nusu. Nusu nyingine alisema ni kazi ya fundi mitambo, kwamba gita limewekwa chini. Labda kwenye nyimbo mbili tatu. Lakini ukipandisha sauti ya gita ambalo halijapewa cha kusema, utalisikia vizuri likiwa kimya.

Dada yangu ana maoni tofauti kabisa, na lazima niyaandike hapa kwa sababu yeye ndiye msikilizaji ambaye wapenzi wa bluzi hawamwulizi. Gita likilia zaidi ya dakika moja anakwenda jikoni. Kwake albamu hii ndiyo kazi pekee ya Otis Rush inayosikilizika kuanzia mwanzo hadi mwisho, na wimbo wake ni You're Killing My Love. Nilipoanza kumweleza habari za nafasi na kuitikiwa, alinikatiza: "Kaka, hebu kaa kimya usikilize hiyo besi." Nikakaa kimya. Ana haki. Jemmott na Hawkins hapo wamefungana kiasi kwamba ungewaondoa waimbaji na tarumbeta wote bado ungecheza. Na Rush anauimba kwa raha, jambo ambalo huwezi kulisema kuhusu rekodi nyingi za maisha yake. Huyu ni mtu ambaye kwenye Cobra alisikika kila mara kama anayeimba akiwa amefukuzwa nyumbani. Kumsikia ametulia juu ya mdundo ni kitu, hata kama sicho nilichokwenda kutafuta.

Kuna kundi jingine linaloisikiliza albamu hii kwa kazi moja tu: kumsaka Duane Allman. Wanavaa vipokea sauti, wanabishana ni yupi anayepiga kile kipande cha sekunde nane upande wa kushoto. Nimewahi kukaa nao. Ni burudani ya aina yake, kama mtu anapenda kazi ya upelelezi, lakini kwa albamu yenyewe haina maana. Duane hapo alikuwa kibarua, anafanya kazi ya kibarua mwaminifu, na mwaka huo huo aliondoka kwenda kuanzisha bendi na mdogo wake. Anayemtaka Duane aende huko.

Kisha kuna nyimbo za kurudiwa, na hapa wazee wa Cobra wana hoja nzito. My Love Will Never Die na It Takes Time zote alikuwa ameshazirekodi Cobra. Ya kwanza ndiyo inayouma. Ile ya zamani ina sauti ya Rush ikipanda juu, juu, mpaka unahofia, na nyuma yake kuna mwangwi wa chumba kibovu ambao hakuna mtambo wa bei ghali ulioweza kuuiga. Ya 1969 imeimbwa na mtu mzima zaidi, bendi ni nzuri zaidi, kila kitu kiko mahali pake. Na ndiyo shida: kila kitu kiko mahali pake. Sisemi ni mbaya. Kama ile ya kwanza isingekuwepo tungeisifia. Ila ipo, na kumwomba mtu arudie kilio cha miaka 12 iliyopita, katika studio safi, na wapigaji waliokuja kazini wakiwa wamelala vizuri, ni kumwonea.

Sasa Gambler's Blues.

Wimbo huu B.B. King alikuwa akiupiga jukwaani, na uko kwenye albamu yake ya Blues Is King ya 1967, kwa hiyo Rush hakuupata kama mzigo kutoka kwa watayarishaji. Kila mpiga bluzi wa Chicago alikuwa anaufahamu. Ni bluzi ya polepole, ya kizamani, isiyo na ujanja wowote. Ndiyo maana ikafaulu. Hakukuwa na cha kupanga. Hawkins anashika mwendo, hauongezi wala haupunguzi, na gita linaachiwa nafasi tangu mwanzo. Ghafla unamsikia mtu mwingine. Noti anaivuta chini, anaishikilia nje kidogo ya pale inapopaswa kuwa, anakuacha usubiri, kisha anaimba, na sauti inatoka pale pale gita lilipoishia. Anajiita, anajiitikia. Hata dada yangu haendi jikoni.

Nikisema hivi watu hudhani ninaungana na yule anayesema wimbo mmoja unalipia sahani nzima. Siungani naye sana, kwa sababu Reap What You Sow nayo inakaribia, na hiyo imetoka mikononi mwa Bloomfield, Gravenites na mwenzao Paul Butterfield. Hapo watayarishaji walionesha kwamba wakitulia wanajua kumwandikia Rush: mwendo wa taratibu, maneno ya uchungu, nafasi ya kupumua. Kwa nini hawakuandika nne za namna hiyo, badala ya wepesi wa My Old Lady, ndilo swali ambalo ningewauliza.

Nadhani pia mpangilio wa sahani umechangia ugomvi kuliko tunavyokubali. Gambler's Blues ni wimbo wa tano. Aliyenunua sahani mwaka ule alipitia Me, Working Man, You're Killing My Love na Feel So Bad kabla ya kumkuta Otis Rush aliyemfuata. Vijana wa leo hawaijui shida hiyo. Wanakutana na Gambler's Blues peke yake kwenye simu, katikati ya nyimbo za watu wengine, wanapigwa na butwaa, wanakwenda kuitafuta albamu wakiwa na mapenzi tayari. Nimegundua kwamba walio chini ya miaka 30 wanaihukumu albamu hii kwa huruma kuliko walio juu ya 60, na sioni sababu nyingine ila mlango walioingilia.

Kuna jambo linalomaliza kesi ya tarumbeta, na pia kesi ya wale wanaosema wazungu vijana ndio waliomharibu Rush. Mwaka 1971 Nick Gravenites, mtayarishaji yule yule, aliingia tena studio na Rush, safari hii San Francisco, kwa ajili ya kampuni ya Capitol. Vyombo vya upepo vikawepo tena. Kilichobadilika ni kwamba Rush mwenyewe alikuwa mtayarishaji mwenza. Nyimbo zilichaguliwa kwa kipimo chake, gita likakaa mbele, na nafasi ya kuitikia ikarudi kwa mwenyewe. Hiyo ndiyo Right Place, Wrong Time. Weka wimbo unaobeba jina la albamu, halafu niambie tarumbeta zinamzika nani.

Capitol waliisikiliza, wakaikataa. Ilikaa kabatini miaka mitano mpaka kampuni ndogo iitwayo Bullfrog ilipoitoa mwaka 1976. Najua mashabiki wa Rush hupenda kuyasimulia haya kama mkosi, kwamba mtu huyu alizaliwa na nyota mbaya. Simulizi hiyo inanichosha. Kulikuwa na watu wenye majina na mishahara waliokaa ofisini wakaamua. Hata hivyo, inafaa kukumbuka kwamba waliisikia Mourning in the Morning ikipita sokoni kimya, na huenda wakaona hakuna haja ya kujaribu tena.

Wengine hunilinganishia na Electric Mud, ile ya Muddy Waters ya 1968 ambayo Chess waliijaza magita ya fujo ili kuwafuata vijana wa roki. Wapenzi wa bluzi waliitukana vibaya sana. Miaka ikapita, watu wa hip hop wakaigundua, Chuck D akaitetea hadharani, na leo kuna wanaoiita kazi iliyotangulia wakati wake. Wanauliza kama ya Rush nayo haitapata waokozi. Sidhani. Electric Mud ilikosea kwa sauti kubwa, na kosa la namna hiyo huja likapata mtu wa kulipenda. Mourning in the Morning ni nzuri kiasi, ina adabu, imepigwa na mafundi. Haina kashfa ya kumvuta mgeni. Watakaoendelea kuisikiliza ni wale wale: wapenzi wa Rush wanaoudhika, na wapenzi wa soul wanaoshangaa kwa nini wenzao wanaudhika.

Baada ya hapo Rush aliendelea kutoa kazi zisizolingana. Usiku mwingine jukwaani aliwanyamazisha wote, usiku mwingine hakuwepo hata akiwepo. Mwaka 1991 rekodi alizofanya Sweden miaka ya 1970 zilitolewa upya zikiwa zimeongezewa kinanda, Lost in the Blues, na ugomvi ukaanza upya, safari hii kinanda kikabeba lawama. Mwaka 1999 alipata Grammy kwa Any Place I'm Going. Baadaye kiharusi kilimnyang'anya gita, na alifariki Septemba 2018.

Ningepewa mimi kuipanga upya sahani ya 1969, ningeifungua na Gambler's Blues. Ningeifuatisha na You're Killing My Love, ili dada yangu asiondoke, kisha Reap What You Sow, Feel So Bad, na My Love Will Never Die karibu na mwisho, ambapo msikilizaji ameshasahau kulinganisha. It Takes Time ingefunga. Me ningeitoa kama single na kuiacha huko. Working Man mjomba ameikatalia isitolewe, anasema besi yake ni ya kufundishia watoto, na kwa hilo nimemwachia. My Old Lady hata yeye hakuitetea.